Duara la Mbege

Saa kumi na mbili na robo. Kibosho bado imejifunika,
mlima haupo, kuna ukungu tu na mbwa wa jirani,
na Mbege, miaka mitatu na miezi mitano,
rangi ya pombe ya ndizi iliyolala siku mbili,
yuko mlangoni mwa banda anatafuna kamba ya kumfungia.

Namtandika. Anavuta pumzi, tumbo linajaa kama gunia.
Nasubiri aichoke hila yake, kisha nakaza tundu moja zaidi.
Kila mtu kazini ana ujanja wake wa asubuhi.

Uwanja wetu zamani ulianikiwa kahawa;
siku hizi ni mchanga wa mto na pumba za mbao.
Bi Ndeshi anakalia ndoo iliyopinduliwa,
goti bovu limenyooka mbele kama mguu wa meza,
filimbi shingoni, chupa ya tangawizi pajani.
"Duara," anasema. "Mita ishirini. Duara, Eliapenda, si yai."

Nachora yai.
Nachora kiazi.
Nachora kitu chenye kona upande wa geti
kwa sababu getini pana toroli, na toroli jana halikuwa pale,
na kwa Mbege kitu ambacho jana hakikuwepo
kimekuja kumla.

Utotoni nilisikia redioni wakubwa wakisema kushika hatamu,
nikadhani hatamu ni kiti, au fimbo, au ufunguo wa gari.
Kumbe ni ngozi mbili nyembamba zenye jasho
na mwisho wake ni ulimi wa mwingine.
Nikikaza, anakaza.
Nikilegeza kwa hasira, anajua ni hasira.
"Mkono wako una makelele!" Bi Ndeshi huyo.
"Nyamaza na vidole!"
Vidole vinanyamazaje? Vimechuma kahawa, vimekama,
vimefunga nati za pampu usiku wa manane,
hakuna aliyewahi kuvilalamikia.

Wiki ya nne. Wiki ya tisa.
Hatua, telki, hatua, simama.
Simama kwa miguu yote minne, tafadhali,
si mitatu, na mmoja umesahaulika nyuma kama mtoto sokoni.
Kulia ni msikivu. Kushoto ni gogo la mgrivelea.
Nikishuka nakagua nyayo mchangani
kama fundi anavyogeuza nguo aone mshono wa ndani.

Kuhusu kuruka, sina la kujivunia.
Tulianza na mti mmoja, umelazwa chini. Aliunusa,
akauvuka kama mgeni anayepita juu ya miguu ya waliolala.
Tukauinua juu ya madumu mawili ya mafuta ya kula,
kimo ambacho kuku wa Bi Ndeshi huruka bila mafunzo.
Mbege akasimama.
Mimi nikaendelea.

Jumanne ilinyesha huko juu, mfongo ukafura maji mekundu.
Nilimtoa atembee tu, hatamu ndefu,
mawazo yangu kwenye ada ya mdogo wangu.
Ng'ambo, majani ya gwatemala, mabichi, ya watu.
Akayaona. Masikio mbele. Sikumwomba kitu.
Mgongo ukapanda chini yangu kama unga uliotiwa hamira,
maji yakapita mahali fulani, hayakutuhusu,
na vidole vyangu, hili silitungi,
vilinyamaza.
Tukatua. Akala.

Bi Ndeshi sijamwambia.
Angeuliza mfongo una upana gani, gwatemala ni ya nani,
na kofia yangu ilikuwa wapi.

Leo tena, duara.
Toroli limeondolewa, kwa hiyo sasa Mbege
anaogopa pale lilipokuwa.
Nashusha pumzi. Anasikiliza. Anashusha yake.
Tunapita pale, upande tu, kama watu wanaodaiwa dukani.
"Yai," anasema Bi Ndeshi.
Anakunywa funda la chai, anafuta mdomo kwa kiganja.
"Ila la bundi."
Nani mwingine amewahi kuona yai la bundi?
"Mviringo kabisa," anasema. "Karibu. Badili mkono, nenda kushoto."